Rehema, Nasra asipigwe shoti

Tanga,
Jumapili usiku

Kwa shoga yangu Rehema,

Assalaam aleykum. Sisi huku hatujambo, hofu ni kwako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu. Mama anakusalimu sana. Chiku naye anakusalimu na anauliza kama ile kanga ya Bi Zuhura ilifika. Mtoto kaacha kukohoa, alhamdulillahi. Najua nimekaa kimya tangu arusi, na najua umenisema kwa Saidi, lakini lawama tuziweke kando leo maana nina neno na haliwezi kungoja.

Muswada wako nimeupokea na nimeusoma mpaka ukurasa wa mwisho. Unajua kuandika, mwenzangu. Pale mama mkwe anapohesabu sahani baada ya wageni kuondoka nimecheka mpaka Mama akaja mlangoni kuuliza kulikoni. Ugomvi wa shamba la mkonge umeukamata hasa, na Nasra ni mtu mzima mwenye akili zake, tofauti na wale wasichana wa kwenye picha wanaosubiri kuokolewa tu. Ningeendelea kukusifu hadi karatasi iishe, lakini umeniambia mnaanza kupiga picha mwezi ujao na dairekta akishaanza hataki kuguswa. Basi niende kwenye sini ya 32.

Nasra kapigwa risasi ya bega, kafikishwa hospitali, monita, ile mashine inayoonyesha mapigo ya moyo, inalia tiiii, mstari umenyooka. Daktari anasugua vile vibao viwili vya mashine ya shoti ya umeme, anapaza sauti watu wasogee, Nasra anaruka juu ya kitanda, mstari unaanza kupanda na kushuka, naye anafumbua macho na kumwita mpenzi wake Idrisa.

Nakuomba uibadilishe. Nakuomba kwa udugu wetu, na nitakueleza kwa nini, hata kama itanichukua usiku mzima.

Moyo una umeme wake wenyewe. Kuna sehemu ndogo upande wa juu kulia inayotoa amri, na amri ile inasambaa, nyama ya moyo inabana kwa pamoja, damu inakwenda. Wakati mwingine umeme huo unavurugika. Kila kipande cha moyo kinatetemeka kivyake, hakuna kinachosukuma damu, na mtu anaanguka hapo hapo. Mgonjwa wa namna hiyo ndiye mashine ile ya shoti ilitengenezwa kwa ajili yake. Shoti inanyamazisha vurugu yote kwa mara moja, ili ile sehemu inayotoa amri ipate nafasi ya kuanza tena. Kwenye monita moyo huo unaonekana kama mwandiko wa mtoto aliyepewa kalamu mara ya kwanza, juu chini, ovyo ovyo. Mstari ulionyooka ni habari nyingine kabisa. Hapo umeme hakuna, na vurugu ya kunyamazishwa hakuna. Ukipiga shoti hupati kitu, na zile sekunde ulizosimama kusubiri mashine ni sekunde ambazo kifua hakikukandwa.

Daktari wa kwanza kumrudisha mtu kwa shoti ni Claude Beck, kule Cleveland, Marekani, mwaka 1947. Mgonjwa alikuwa mvulana wa miaka 14 aliyekuwa akifanyiwa upasuaji. Kifua kilikuwa wazi, moyo ukaanza kutetemeka ovyo mbele ya macho yao, Beck akaukanda kwa mkono wake mwenyewe, kisha akauwekea umeme moja kwa moja. Mvulana akapona. Ona, hata hiyo siku ya kwanza moyo ulikuwa unatetemeka, haukuwa kimya. Na kukanda kifua kwa juu bila kukipasua, kama tunavyofanya leo, kuliandikwa mwaka 1960 na watu wa Johns Hopkins, Baltimore. Hayo tulifundishwa chuoni, na wewe ulikuwa ukinisikilizisha nikiyakariri kwenye kile chumba chetu cha Ngamiani.

Sasa nikuambie kilichonifanya nikamate kalamu. Mwezi uliopita kaletwa mzee mmoja, kaanguka nyumbani. Tulipomwekea monita, mstari umenyooka. Tukakanda, tukapokezana, tukampa adrenalini, tukampa hewa, tukatafuta sababu. Mwanawe amesimama mlangoni analia, anasema, "Mpigeni shoti! Mbona hampigi shoti? Mashine si hiyo hapo!" Mashine ilikuwepo kweli, aliiona kwa macho yake. Mzee hakurudi. Yule kijana mpaka anaondoka aliamini kwamba tulikuwa na kitu cha kumwokoa baba yake tukamnyima. Nilikaa naye kwenye benchi, nikamweleza kama ninavyokueleza wewe, lakini nani husikia umeme wa moyo saa kama ile? Alikuwa ameshaona mara nyingi kwenye picha jinsi inavyofanyika. Picha zilimfundisha kabla yangu.

Na si yeye peke yake. Mwaka 1996 jarida moja kubwa la madaktari wa Marekani lilichapisha utafiti wa watu walioketi kutazama vipindi vitatu vya televisheni, kimojawapo ni tamthilia ya hospitali iitwayo ER, wakihesabu kila mgonjwa aliyekandwa kifua. Robo tatu walizinduka pale pale, na karibu theluthi mbili ya wote walionekana kutoka hospitali wakiwa hai. Katika maisha ya kweli, mtu ambaye moyo wake umesimama akiwa nje ya hospitali, hata huko Marekani kwenye magari ya wagonjwa na vifaa vyote, anayetoka hospitali akiwa hai ni kama mmoja kati ya kumi. Fikiria mtu anaingia wodini na matumaini ya theluthi mbili. Tukishindwa, ataamini nini?

Usinielewe vibaya. Sisemi filamu iwe somo la uuguzi. Nasema tu Nasra wako kapoteza damu, na jibu lake, huku akikandwa kifua, ni damu na chumba cha upasuaji. Ukitaka watazamaji wakae kwenye ncha ya kiti, mwonyeshe Idrisa amevua shati, mkono umenyooshwa, anatoa damu, na hajui kama kundi lake litaoana na la Nasra. Waonyeshe mafundi wenzake wamepanga mstari kwenye korido. Hiyo nimeiona kwa macho yangu, na nakuhakikishia hakuna aliyekuwa anaangalia simu.

Nikiwa hapo hapo kwenye damu, turudi nyuma kwenye sini ya 30, pale Mzee Pazi anapochovya kisu kwenye moto, anammwagia Nasra pombe kali begani, anachokoa, risasi inaanguka kwenye bakuli ting, na yeye anasema "imetoka, atapona." Rehema, risasi ikishaingia imeshafanya kazi yake. Kinachoua ni damu inayotoka, na baadaye uchafu ulioingia. Mara nyingi madaktari huiacha risasi mwilini, maana kuifuata ni kukata nyama nzima na mishipa mizima. Na bega si mahali salama kama picha zinavyotuambia. Chini ya mfupa wa mtulinga unapita mshipa mkubwa wa damu wa mkono, fungu la neva, na ncha ya pafu. Wanaopigwa hapo huweza kufa kwa dakika chache, na wanaopona huweza kubaki na mkono usioinuka.

Kuna rais wa Marekani, James Garfield, alipigwa risasi tarehe 2 Julai 1881 kwenye stesheni ya treni mjini Washington. Madaktari wake wakaitafuta risasi kwa vidole visivyooshwa na vyuma visivyochemshwa, siku baada ya siku. Alexander Graham Bell, huyu huyu wa simu, akaja na mtambo wa kutambua chuma mwilini, nao haukuipata. Inasemekana chuma za kitanda ziliuchanganya, na daktari mkuu aliruhusu apimwe upande aliodhani risasi ipo. Garfield akafa tarehe 19 Septemba. Walipompasua wakakuta risasi imekaa mbali na pale walipokuwa wakichokoa, mwili umeshaizungushia utando wake. Kilichomwua ni usaha wa kutafutwa.

Halafu mtazame mwenziwe, Theodore Roosevelt. Tarehe 14 Oktoba 1912, Milwaukee, akapigwa risasi ya kifua akienda kuhutubia. Mfukoni alikuwa na hotuba ya kurasa 50 iliyokunjwa na kasha la miwani la chuma, vikaipunguza kasi. Akapanda jukwaani na damu kwenye shati, akasema zaidi ya saa nzima ndipo akaenda hospitali. Madaktari wakaamua kuiacha. Akaishi na risasi yake hadi 1919. Kama wewe ungeandika hayo, dairekta wako angesema umezidisha chumvi! Nakupa bure. Karatasi za shamba la mkonge ambazo Nasra anazificha kifuani sini nzima, kwa nini zisiwe ndizo zilizopunguza kasi ya risasi?

Na jambo moja linaloniuma kuliko la risasi, maana risasi huku kwetu ni nadra: Idrisa kuchomoa kisu pajani mwake, kukitupa, na kuendelea kukimbia. Tuliletewa fundi aliyeangukia nondo. Wenziwe walikuwa wameshaichomoa, kwa mapenzi kabisa, wakidhani wanamsaidia. Ile nondo ilikuwa imeuziba mshipa ilioukata. Njia nzima kutoka saiti damu imemwagika kwenye bajaji. Huyu alhamdulillahi yu hai, na mafundi niliokutajia waliopanga mstari ndio hao. Lakini kila nikiona kwenye picha mtu anachomoa kisu natamani nisimame nipige kelele. Kitu kilichoingia mwilini kiachwe pale pale, kizungushiwe vitambaa kisitikisike, mtu aletwe hospitali nacho. Hebu niandikie hiyo, Rehema. Idrisa anakimbia na kisu kiko pajani, kila hatua anakishikilia kisitikisike. Inatisha zaidi au haitishi?

Kaka Hamza naye kausoma. Usikasirike, kaukuta mezani, na unajua tangu astaafu jeshi kitu chochote chenye bunduki lazima akikague. Kaandika pembeni kwa kalamu nyekundu mpaka karatasi zimeiva. Nakufupishia.

Kwanza ile bastola yenye kiwambo cha kuzuia sauti, sini ya 11, muuaji anapiga risasi ndani ya gesti na mpangaji wa chumba cha pili anaendelea kukoroma. Anasema bastola hupiga kelele ya desibeli 160 hivi, na kiwambo kizuri kinapunguza 20 hadi 35. Kinachobaki bado kitaamsha gesti yote na mlinzi wa nje. Isitoshe, risasi nyingi zinakwenda kasi kuliko sauti, ambayo ni kama mita 343 kwa sekunde, na hiyo inapasua hewa kwa mlio wake yenyewe, kiwambo kiwepo kisiwepo. Kile kitu kazi yake kubwa ni kuyaokoa masikio ya mpigaji. Aliyekisajili mwaka 1909 ni Hiram Percy Maxim, mtoto wa yule Maxim wa bombomu, ile bunduki ya kumimina risasi mfululizo, zile bombomu ambazo Wajerumani waliwapigia wazee wetu wakati wa Maji Maji. Na baba mtu alikuwa kiziwi kwa ajili ya milio ya bunduki zake. Kaka aliponisimulia hilo alinyamaza kidogo, maana sikio lake la kushoto unalijua lilivyo. Anasema hajawahi kuona picha ambayo stelingi anapiga bunduki chumbani halafu anaulizwa kitu na hasikii. Akasema, "Mwambie Rehema aandike hiyo." Basi nimekuambia.

Pili, SMG ya sini ya 27. Magazini ni risasi 30, na bunduki hiyo ikiachiwa mfululizo inakwenda kama risasi 600 kwa dakika. Piga hesabu mwenyewe: sekunde tatu, kimya. Wewe umeandika Idrisa "anamimina risasi huku akizunguka ua mzima." Kaka kazungushia duara kauliza, "Magazini ngapi?" Anakumbuka lile picha la Heat la 1995 tulilotazama kwa kina Chiku, yale mapambano ya barabarani Los Angeles, ambako kila mtu anabadilisha magazini, na milio waliyoitumia ni ile ile iliyorekodiwa pale mtaani ikigonga kuta za majengo. Miaka yote hii watu bado wanalitaja. Nasisitiza hapa kwa sababu najua prodyuza atakuambia ukweli unachosha watazamaji.

Tatu, risasi haimrushi mtu hadi ukutani. Kama ingekuwa na nguvu hizo, aliyepiga naye angerushwa nyuma, maana nguvu ni ile ile pande zote mbili. Nne, Noah isilipuke kwa kupigwa risasi kwenye tangi. Petroli ikiwa maji haiwaki, kinachowaka ni mvuke wake ukichanganyika na hewa kwa kiasi chake. Tangi litatoboka litavuja, basi. Tano, guruneti: pini haing'olewi kwa meno, na likilipuka hakuna lile dude la moto jekundu. Ni mshindo, vumbi na vipande vya chuma vinavyoruka. Ameandika mengi mengine, Saidi atakuletea.

Hapa nami niongeze langu dogo, la simu. Yule inspekta anamwambia mama Nasra azungumze na mtekaji dakika nzima ili wajue yuko wapi. Hiyo ni ya enzi za mitambo ya zamani, fundi alipokuwa akifuata nyaya kwa mkono kutoka kituo hadi kituo. Simu ya leo ikiita tu, kampuni ya simu inajua namba na mnara uliotumika. Na laini zote zimesajiliwa kwa alama za vidole, sote tulipanga foleni mpaka Januari 2020. Swali la kweli ni laini imesajiliwa kwa jina la nani. Je, kama ni jina la mtu anayemfahamu Nasra? Huoni kwamba hapo una sini bora kuliko mama kuhesabu sekunde?

Lakini hayo ya bunduki na simu, ukiyaacha nitanung'unika tu na kaka Hamza atanung'unika zaidi. Sini ya 32 ndiyo inayonikosesha usingizi. Filamu yako itatazamwa kwenye mabasi ya kwenda Arusha na kwenye kila kibanda umiza cha Tanga, na watazamaji hao ndio watakaosimama mlangoni kwangu. Kama watakuwa wamemwona Nasra akikandwa kifua, watajua mikono inafanya nini. Huenda siku moja mmoja wao akaanza kukanda nyumbani kabla gari halijafika, na hiyo inasaidia kweli, maana kila dakika inayopita bila kitu kufanyika nafasi ya kupona inapungua.

Kuhusu namna ya kuipiga picha: mwigizaji aliye hai hawezi kukandwa kikweli, kifua kinatakiwa kuzama sentimita tano hadi sita na mbavu zinaweza kuvunjika. Ndiyo maana kwenye picha unaona wanakunja viwiko na kupapasa. Kamera iwekwe kwa muuguzi, mabega na uso, viwiko vimenyooka, mara 100 hadi 120 kwa dakika, jasho, anapokezwa baada ya dakika mbili. Chini muweke mwanasesere wa mafunzo. Nitauliza kazini kama mwanasesere wetu anaweza kuazimwa. Mimi mwenyewe nitakuja kuwaonyesha nikipata ruhusa, nauli msijali.

Na akirudi, Nasra asifumbue macho na kumwita mtu. Mpe siku mbili kitandani, mpira wa kupumulia kooni, Idrisa hajui kama atamtambua. Umeandika mapenzi yao kwa kurasa 60, unaogopa nini kumfanya Idrisa asubiri?

Sasa nijibu. Dairekta ni yule yule wa mwaka jana aliyekuwa hapokei simu? Atakubali kuguswa kwa sini mbili tatu, au nizungumze naye mimi? Nani anacheza daktari, na amewahi kuingia wodini akakaa hata zamu moja? Bunduki mtakazotumia zinatoka wapi, na nani atakayezikagua kila asubuhi? Kaka anataka kulijua hilo kabla ya yote, na mimi pia, maana mwaka 2021 huko Marekani mpiga picha Halyna Hutchins aliuawa kwenye mazoezi ya filamu na risasi ya kweli iliyokuwa ndani ya bunduki ya maigizo. Usikubali "hakuna shida" kuwa jibu. Shemeji karudi Mtwara au bado? Ile dawa ya presha Mama mdogo anaimeza kila siku, au anaimeza akiumwa kichwa tu kama zamani? Na mwisho wa Nasra na Idrisa, ule wa pwani, ni wako au wamekulazimisha?

Niandikie upesi, au nipigie usiku baada ya saa tatu nikiwa nimetoka zamu.

Ni mimi akupendaye,
Mwanahamisi